Manifoldi na Gasketi Zake: Uhakiki wa Istilahi za Gereji

Miongoni mwa istilahi za magari zinazotumiwa kila siku bila ya kuhakikiwa ni zile za manifoldi na gasketi zake. Katika makala haya tunakusudia kuzipima, si kwa uzuri wa umbo, bali kwa kazi: je, fundi akizisoma atafungua nati zile zinazotakiwa? Kipimo chetu ni Land Rover ya Series III, iliyoundwa kati ya 1971 na 1985, yenye injini ya petroli ya silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 2,286. Gari hili limetumika sana katika Afrika Mashariki, na yale yaliyobaki barabarani yana umri wa kutosha kuchosha gasketi.

Katika injini hiyo mna manifoldi mbili. Moja hugawa hewa iliyochanganyika na petroli kutoka kwenye kabureta hadi kwenye silinda. Ya pili hukusanya moshi wa silinda na kuupeleka kwenye bomba la ekzosi. Zote mbili hufungwa upande mmoja wa silinda hedi, zenyewe zimeshikanishwa kwa bolti, na kati yake na hedi hulazwa gasketi moja inayozihudumia zote.

Kasoro ya kwanza imo katika msemo wa gereji, "gasketi ya ekzosi". Msemo huu hutumika kwa gasketi iliyo kati ya manifoldi na hedi, na pia kwa ile ndogo iliyo kati ya manifoldi na bomba. Dereva akiandika kwa kifupi zaidi kwamba "gasketi imeungua", mtunza stoo aweza hata kununua gasketi ya silinda hedi, ambayo kuibadilisha ni kazi nyingine kabisa. Hapo fedha hupotea na gari husimama, ilhali kila mmoja ametumia neno analoliona kuwa sahihi.

Kasoro ya pili ni ya watafsiri. Mwenye kulishika neno la Kiingereza katika asili yake ataona maana ya "wingi", naye atatunga "bomba lenye matawi mengi" au mfano wa hayo. Maelezo hayo yanataja umbo, na umbo hilo ni la manifoldi zote mbili. Hayatenganishi kinachogawa na kinachokusanya. Istilahi ndefu isiyotenganisha haina faida kuliko neno la mkopo ambalo mafundi wamekwisha kulizoea.

Kasoro ya tatu, nayo ndiyo kubwa, ni kitenzi "kuvuja". Ndoo huvuja maji yakatoka. Paa huvuja maji yakaingia. Lugha ya nyumbani haidhuriki kwa hilo, lakini katika injini mwelekeo ndio dalili yenyewe. Gasketi ikiharibika upande wa moshi, moshi hupuliza nje. Husikika mlio wa tiki-tiki, mkali zaidi asubuhi injini ikiwa baridi, nao hupungua chuma kikipata moto na kutanuka. Na kwenye maungio huonekana michirizi ya masizi. Ikiharibika upande wa hewa, injini hufyonza hewa isiyopitia kabureta. Mchanganyiko hupungukiwa petroli, na injini hutetemeka au kuzimika katika hali ambayo mafundi huiita sailensa, yaani inapozunguka bila ya kukanyagiwa mafuta. Ukinyunyiza maji ya sabuni kwenye maungio na mzunguko ukabadilika kwa muda, umepata pengo.

Kutofautisha huku si anasa ya wanaisimu. Moshi unaopuliza chini ya boneti waweza kupenya hadi kwa dereva, nao una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua.

Sasa tuijaribu istilahi katika maagizo ya kazi. Injini iwe imepoa. Nati zilizoshika kutu zitiwe mafuta mepesi mapema. Bomba la ekzosi na viungo vya kabureta vifunguliwe, manifoldi ziondolewe, nyuso zikwanguliwe masalio ya gasketi kuukuu, na unyofu wake upimwe kwa rula ya chuma. Kisha hufuata agizo ambalo ndilo mtihani: bolti zinazoshikanisha manifoldi ya kuingizia na manifoldi ya kutolea zilegezwe kwanza, nati za kwenye hedi zikazwe kidogo kidogo kuanzia katikati kwenda pembeni, ndipo zile bolti za kati zikazwe. Mpango huu huziacha manifoldi mbili zilale sawasawa juu ya gasketi mpya. Zikikazwa pamoja kabla ya wakati, mojawapo hubaki imeinuka, na gasketi huungua tena. Agizo hili haliwezi kuandikwa kwa lugha yenye jina moja tu kwa vitu viwili.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo. "Gasketi" na "manifoldi" yabaki, kwa kuwa yameenea na yanakubali sarufi yetu. Kila manifoldi itajwe kwa kazi yake: "ya kuingizia" na "ya kutolea". Kila gasketi itajwe kwa sehemu mbili inazozitenga: "gasketi ya manifoldi na hedi", "gasketi ya manifoldi na bomba". Na "kuvuja" kuachwe kwa maji na mafuta, huku "kupuliza" na "kufyonza" vikisimikwa kuwa istilahi kamili. Vitenzi hivi viwili ni vyetu tangu zamani, wala havikuhitaji kubuniwa. Vilihitaji kupewa kazi.

Mafundi na walimu wa ufundi ndio watakaotuambia kama mapendekezo haya yanafaa. Istilahi isiyofika mkononi mwa mwenye spana haijasanifiwa, hata ikichapishwa mara ngapi.