Insha za Kurudi Pwani ya Utoto

Hapana mada ya insha inayopendwa na wanafunzi kuliko mahali walipolelewa, wala hapana inayoandikwa kwa uvivu zaidi. Mwandishi hurejea pwani aliyoichezea, hutazama huku na huko, kisha hulia. Zamani bahari ilikuwa safi, samaki walikuwa tele, na watu walikuwa wema. Msomaji akimaliza ukurasa hajui pwani hiyo ilikuwaje hasa. Anajua tu ya kuwa mwandishi ana huzuni. Huzuni si kosa. Kosa ni kuitumia mahali pa macho.

Nasema hivi kwa kuwa kosa hilo nimelitenda mwenyewe. Nilipokuwa mwanachuo wa ualimu niliandika insha juu ya Bandari ya Kale ya Mombasa, mahali nilipokuwa nikipelekwa na mjomba wangu jioni nilipokuwa mtoto. Niliyalilia majahazi makubwa ya Arabuni na Ajemi, yaliyokuwa yakija kwa pepo za kaskazi na kurudi kwao kwa kusi. Nikasifiwa darasani. Kwa furaha nikampelekea mjomba, ambaye ujanani alikuwa baharia, kisha hamali katika bandari ile ile. Akaisoma mara mbili, akavua miwani, akasema: "Mwanangu, majahazi haya uliyaona wapi? Ulipozaliwa wewe yalikuwa yamekwisha kuwa machache. Na mimi niliyeyapakua, mbona hukunitaja?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimelilia picha. Yale niliyoyaona kwa macho yangu, yaani ngazi zenye utelezi wa kijani, magunia ya papa mkavu, na bega la mjomba lililoota sugu, nilikuwa nimeyaacha nikidhani hayafai kuingia katika insha.

Fasihi yetu ina mifano ya kutusahihisha. Mapema katika karne ya 19, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, akiutazama mji wa Pate ulioanguka. Maombolezo yake yamedumu kwa sababu hakuridhika kusema ya kuwa mji ulikuwa mzuri. Anatuingiza majumbani. Tunaziona taa zilizoufanya usiku kuwa kama mchana. Tunaviona vidaka vya ukutani vya kupangia vyombo vya thamani, kisha tunaona makinda ya ndege yamelala humo humo. Msiba wake una mahali, na mahali pale pana vitu. Ndiyo maana hata msomaji asiyepata kufika Pate huguswa.

Mfano wa pili ni wa mtu aliyeishi miaka mingi Mombasa. Ahmed Sheikh Nabhany alizaliwa mwaka 1927 Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo katika kisiwa cha Lamu, akafariki mwaka 2017. Utungo wake uitwao Sambo ya Kiwandeo, yaani chombo cha kisiwa cha Lamu, ulichapishwa Leiden mwaka 1979. Hapa mshairi anarudi pwani ya utoto wake kwa njia nyingine. Haombolezi. Anaunda chombo mbele yetu, sehemu baada ya sehemu, na kila sehemu anaitaja kwa jina lake. Aliona ya kuwa fundi akifa na chombo kikioza, maneno yao nayo hufa. Akayapa maneno hayo mahali pa kukaa.

Sitaficha ya kuwa utungo huo una uzito wake. Kiamu humchosha kijana aliyezoea Kiswahili cha shule, na wingi wa majina mara nyingine humfanya mshairi afanane na karani anayehesabu mali. Anayetafuta siri za moyo wa mtunzi hatazipata upesi. Walakini mtu akiniuliza ni yupi aliyeipenda pwani yake zaidi, yeye au mimi mwenye insha ya machozi, nitajibu bila kusita ya kuwa ni yeye, kwa maana mapenzi yake yaliacha kitu mkononi mwa msomaji.

Kuna na jambo la sababu. Bandari ya Kale haikupungukiwa na majahazi kwa laana. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na meli kubwa zilihitaji maji ya kina. Maji hayo yalikuwa Kilindini, upande wa pili wa kisiwa, ambako gati za kwanza za kina kirefu zilianza kutumika mwaka 1926. Shehena ikafuata njia hiyo. Mjomba naye baadaye alihamia Kilindini, na hakulia hata kidogo, kwa kuwa huko winchi ilibeba kile kilichokuwa kikibebwa na bega lake. Badiliko nililoliita msiba kwake lilikuwa pumziko.

Basi, ewe mwanafunzi, utakaporudi mahali ulipochezea, iwe Ndia Kuu, au ufuko wa Mama Ngina uliotengenezwa upya mwaka 2019, au kando ya ziwa kule bara, jiulize mambo matatu kabla hujashika kalamu. Niliona nini kwa macho yangu? Nilipokuwa nikicheza, nani alikuwa akifanya kazi hapa, na vyombo vyake viliitwaje? Ni nini kilichopabadilisha, na ni nani aliyepata na nani aliyepoteza? Ukiisha kujibu hayo, lia ukipenda. Msomaji atalia pamoja nawe.

Mimi niliichana insha yangu, lakini nilikawia miaka kabla ya kumrudia mjomba na daftari. Alikuwa amekwisha kuwa mzee wa kusahau. Alasiri moja akanipa majina aliyoweza: mkuku, mataruma, foromali, henza, demani. Akafika katika kamba moja ya tanga, akanionyesha kwa mikono jinsi ilivyovutwa, bali jina lake halikumjia. Alifariki mwaka uliofuata. Katika daftari langu mahali pa jina lile pangali wazi.