Mikono Inayoufupisha Mti

Okota mbegu ya msonobari chini ya bonsai, mti mfupi wa chunguni, wa miaka 200, kaipande shambani, nayo itakupa msonobari wa kawaida utakaopita paa la nyumba. Wengi hawalijui hilo. Mkulima wa Pemba mwenye minazi ya kitamli anajua kwamba ufupi wa minazi yake umo ndani ya nazi yenyewe. Akiiatika, anatarajia mche wa kimo kilekile cha mama yake. Bonsai haina mbegu yake. Ni mti uleule wa msituni, mtarakwa au msonobari au momiji (maple ya Kijapani), ambao mtu ameushika na hajauachia. Akiuhamishia ardhini na kuusahau, utaanza kukimbilia kimo cha wenzake.

Kwa hiyo ufupi wake ni kazi, tena kazi isiyomalizika, na hapo ndipo heshima yangu kwa mafundi hawa inapoanzia.

Wachina ndio waliotangulia kuotesha miti midogo ndani ya vyombo, na Wajapani wakaupokea ufundi huo na kuufanya wao. Lakini mwalimu wa wote wawili ni mlima. Katika majabali ya Itoigawa, upande wa Bahari ya Japani, mitarakwa huota ndani ya nyufa za mawe, mahali ambapo udongo hautoshi kujaza kofia. Theluji huilemea, upepo huivunja, nayo hujikunja na kuendelea kuishi. Zamani watu walishuka kwa kamba kwenye majabali hayo kuing'oa, kazi ya hatari kubwa, mpaka mizuri ikakaribia kwisha. Fundi wa bonsai anajifunza sura ya dhiki ile, kisha anauchonga mti wake uwe nayo bila kuutesa.

Nasisitiza kwamba hautesi, kwa sababu watu huamini kuwa mti ule umedumazwa kwa njaa. Mti wenye njaa hudhoofika ndani ya chungu, na mwishowe hufa. Bonsai hulishwa vizuri, kwa mbolea ya mashudu inayowekwa kidogokidogo juu ya udongo, na wakati wa kiangazi hunyweshwa maji hata mara mbili au tatu kwa siku. Mafundi wa Japani husema kumwagilia peke yake hujifunzwa miaka mitatu. Ukifikiria utaona hawatii chumvi. Katika bustani moja kuna mamia ya vyungu, na kila kimoja hukauka kwa mwendo wake. Msonobari hupenda udongo ukaribie kukauka kabla ya kunyweshwa tena, momiji haupendi hata kidogo. Chungu kilicho ukingoni mwa meza hupigwa na upepo kuliko cha katikati. Mwanafunzi anayepita na ndoo na kuvipa vyote sawa atakuwa ameanza kuua mti fulani ambao kifo chake kitaonekana miezi kadhaa baadaye.

Baada ya kila miaka kadhaa, mwanzoni mwa majira ya kuchipua, mti hutolewa chunguni. Msonobari mkongwe unaweza kungoja miaka mitano, mti mchanga wa majani mapana hungoja mwaka mmoja au miwili tu. Fundi hukata waya zilizoufunga mti kwenye matundu ya chini ya chungu, na donge lote la mizizi likatoka likiwa na umbo la chombo kilichokuwa kimelibeba. Kwa kulabu ndogo huanza kulichana kutoka pembeni kwenda chini, taratibu, mizizi ikaanguka kama nywele ndefu zilizolowa. Mizizi minene inayokwenda chini hukatwa, kwa kuwa hiyo ndiyo inayourefusha mti. Ile myembamba, inayokunywa, huachwa. Karibu theluthi ya mizizi yote huondoka. Kwenye mizizi ya msonobari kuna ukungu mweupe ambao mgeni angeuosha akidhani ni uchafu. Fundi huuacha, kwa sababu ukungu huo husaidiana na mizizi kutafuta maji na chakula. Kisha mti hurudishwa, hufungwa kwa waya mpya usitikisike, na udongo wa chembechembe za volkano uitwao akadama hushindiliwa katikati ya mizizi kwa kijiti cha kulia chakula mpaka pasibaki nafasi tupu. Hunyweshwa mpaka maji yanayotoka chini yawe safi.

Kazi ya juu inahitaji waya. Waya wa shaba uliochomwa motoni ukalainika hutumika kwa misonobari na mitarakwa. Wa aluminiamu hufaa zaidi miti ya majani mapana. Unene wake huwa karibu theluthi ya unene wa tawi. Waya mmoja huchukua matawi mawili jirani, ukizungushwa kwanza kwenye shina ili tawi moja lilishikilie lingine, na mizunguko hupanda kwa mshazari, haikazwi hata kuliumiza gome wala haiachwi ikalegea. Ndipo vidole gumba huwekwa chini ya mpindo na tawi hushushwa polepole, waya ukiwa upande wa nje kulizuia lisipasuke. Tawi nene hufungwa kwanza kwa nyuzi za rafia zilizoloweshwa, nyuzi za mwale, mti wa Madagaska na wa mabonde yetu huku Afrika Mashariki. Na waya unapomaliza kazi haukunjuliwi. Hukatwa vipande vipande kwa koleo, mzunguko mmoja baada ya mwingine, kwa sababu kuukunjua kunaweza kuvunja chipukizi lililosubiriwa miaka miwili. Shaba hiyo hutupwa. Naupenda uamuzi huo kuliko karibu kila kitu kingine katika ufundi huu.

Kuna tatizo moja la vipimo ambalo fundi hawezi kulishinda kabisa. Majani hukubali kupungua: msonobari mweusi, ukikatwa machipukizi yake mapema kiangazi, hutoa mengine yenye sindano fupi zaidi. Msonobari mweupe haukatwi hivyo, hauna nguvu ya kuchipua mara mbili, basi machipukizi yake hubanwa kwa vidole tu. Lakini ua na tunda havipungui. Tofaa litakuwa tofaa hata kwenye mti wa sentimita 40, na ndiyo maana anayetaka matunda huchagua aina zenye matunda madogo tangu asili.

Mwaka 1923 tetemeko la ardhi na moto wake viliteketeza sehemu kubwa ya Tokyo. Baadhi ya wakulima wa bonsai waliokuwa mjini waliamua kutafuta udongo mzuri na maji safi, na mwaka 1925 wakaanzisha kijiji chao huko Omiya, kaskazini mwa jiji. Waliwekeana masharti: kila mkazi awe na bonsai zisizopungua kumi, lango lake liwe wazi kwa wageni, uzio wake uwe wa miti, na asijenge nyumba ya ghorofa. Leo bustani zilizobaki hazifiki kumi, lakini vijana kutoka Ulaya na Marekani bado huenda Japani kuwa wanagenzi, miaka mitano au sita, wakianza na ufagio na ndoo ya maji.

Huko Hiroshima, ukoo wa Yamaki ulikuwa na msonobari mweupe uliolelewa chunguni tangu mwaka 1625. Asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945 bomu la atomiki lilipolipuka kama kilomita tatu kutoka kwao, vioo vya nyumba vilipasuka na kuwakata watu waliokuwa ndani. Miti ilikuwa nje, nyuma ya ukuta wa bustani, na msonobari ukapona.

Mwaka 1976 Wajapani waliipa Marekani bonsai 53 kwa kuadhimisha miaka 200 ya uhuru wake, na Masaru Yamaki akautoa msonobari huo. Watunzaji wa Washington, ulikopelekwa, walijua aliyeutoa na walijua umri wake. Hawakujua ulikotoka kwa maana ya siku ile ya Agosti, mpaka mwaka 2001 wajukuu wawili wa Yamaki walipokwenda kuuona na kuwasimulia. Kwa miaka 25 waliumwagilia, wakabana machipukizi yake, wakabadilisha udongo wake, kwa uangalifu uleule unaostahili mti wowote wa umri huo. Yamaki aliwakabidhi watu wa taifa lililolipua mji wake kazi ya familia yake ya vizazi kadhaa, na aliwakabidhi kama fundi anavyomkabidhi fundi mwenzake: huu ni msonobari mweupe, una umri huu, unahitaji hivi.