Maji Yaliyopaa Bonde la Pangani, na Jinsi Yalivyohesabiwa

Hakuna setelaiti inayoona maji yakipaa. Mvuke hauna rangi. Kinachoonekana kutoka huko juu ni joto la ardhi: palipolowa hupoa, kwa kuwa nishati ya jua inatumika kugeuza maji kuwa mvuke, pakavu huungua, kwa kuwa nishati hiyohiyo haina kazi nyingine ya kufanya.

Jeremiah Kiptala na wenzake walianzia hapo walipokadiria evapotranspiresheni, yaani maji yanayopaa udongoni pamoja na yale yanayotolewa na majani, katika bonde la juu la Mto Pangani kwa miaka 2008 hadi 2010. Walichambua picha 138 za MODIS, kifaa cha upigaji picha kilichomo kwenye setelaiti, kila moja ikiwakilisha siku nane, wakaigawa ardhi katika aina 16 za matumizi. Kazi yao ilichapishwa mwaka 2013.

Anayeifahamu njia ya kushuka kutoka msitu wa Kilimanjaro hadi bwawa la Nyumba ya Mungu anajua walijitwisha nini. Kwa safari ya saa chache unaacha msitu wa mawingu, unapita vihamba vya migomba na kahawa vinavyonyweshwa kwa mifongo, yaani mifereji ya jadi, unakuta miwa hadi upeo wa macho, kisha nyika ya miiba, kisha maji matupu ya bwawa.

Njia waliyotumia, SEBAL, aliichapisha Wim Bastiaanssen na wenzake mwaka 1998. Ni hesabu ya masalio. Unachukua nishati iliyobaki baada ya ardhi kurudisha angani mwanga na joto lake, unatoa inayozama udongoni, unatoa inayopasha hewa. Inayosalia ndiyo iliyopandisha maji. Wastani wa wati 28 hivi kwa kila mita ya mraba, kutwa kucha, ni sawa na milimita moja ya maji kwa siku.

Kigumu ni hiyo inayopasha hewa, maana hakuna vituo vya kuipima kila kijiji. SEBAL inamtaka mchambuzi achague pikseli mbili ndani ya picha: ya baridi, penye maji tele, ambako hewa karibu haipashwi kabisa, na ya joto, pakavu, ambako hakuna kinachopaa. Pikseli nyingine zote hupangwa kati ya hizo mbili. Kwangu mimi, matokeo yote huamuliwa hapa. Ukikosea kuchagua pikseli ya joto, kosa lako linasambaa bonde zima.

Mlimani pana mtego mwingine. Hewa hupoa takriban nyuzi 6.5 kwa kila kilomita ya kupanda, kwa hiyo mteremko wa juu huwa baridi hata ukikauka. Hesabu isiyojali mwinuko itausoma ubaridi huo kuwa unyevu, ndiyo maana joto husahihishwa kwanza kwa ramani ya mwinuko. Katika matokeo yao evapotranspiresheni inashuka waziwazi juu ya mita 2,300, kama inavyotarajiwa mahali ambapo hewa yenyewe ina uwezo mdogo wa kuvuta maji.

Sehemu ya uhakiki wao ilifanyika Nyumba ya Mungu, na naipenda. Makadirio ya setelaiti yalitofautiana na vipimo vya beseni la uvukizi kwa chini ya asilimia 5. Hata hivyo kizidisho cha beseni, yaani namba inayogeuza kipimo cha beseni kuwa uvukizi wa bwawa, 0.81, kilichaguliwa ili pande hizo mbili zilingane, kwa hiyo ulingano huo peke yake usingenitosha. Kilichonishawishi ni bajeti ya maji ya bwawa: maji yanayoingia, yanayotoka na yanayobaki yalitoa jibu lililopishana na la setelaiti kwa asilimia 2 tu.

Lakini bwawa ndipo mahali pepesi kuliko pote, kwa sababu pikseli yake ni maji na maji tu. Vihambani mambo ni mengine. MODIS hupima ukijani kwa pikseli za mita 250, ila joto hulipima kwa pikseli za kilomita moja, yaani hekta 100, na vihamba vingi havifiki hata hekta moja. Kwa kupanga maji kati ya mifongo ya juu na mashamba makubwa ya tambarare, ramani ya namna hii naiamini. Kwa ugomvi wa mfongo mmoja nisingeipeleka barazani: aliyenyweshea jana na jirani yake anayesubiri zamu wamo ndani ya pikseli moja.