Yai Lililogoma kwa Maji ya Nyamisati

Dada yangu anaishi Kibiti, nyuma kidogo ya barabara ya Kilwa. Likizo ya Juni nilimkuta na watoto watatu wasio na la kufanya: mpwa wangu wa darasa la sita, mdogo wake wa darasa la tatu, na mtoto wa jirani ambaye kwa wiki mbili nzima kwao alikwenda kulala tu. Nikajitwika ualimu. Vifaa vyetu vilikuwa chumvi, mayai, majani ya chai, chupa tupu za maji, kidumu cha mafuta cha lita tano na tope la mto Rufiji. Jaribio moja liligoma, la pili likakubali siku hiyohiyo, la tatu tulilirudia mara nne.

Lililogoma ni la yai, ambalo ndilo maarufu kuliko yote. Kila mwalimu analo: yai huzama katika maji matupu, huelea katika maji ya chumvi. Mpwa wangu alishaambiwa hivyo darasani, na akaongezewa kwamba ndiyo maana mtu huelea vizuri zaidi baharini kuliko mtoni. Nikaona badala ya kukoroga chumvi tutumie bahari yenyewe. Shemeji alikuwa na safari ya Nyamisati, kwenye gati la boti za Mafia. Tukampa kidumu, akarudi nacho kimejaa.

Yai likazama. Likatua chini ya kopo, kimya, mbele ya macho sita yaliyokuwa yakisubiri muujiza.

"Mjomba, au hili viza?" akauliza yule wa darasa la tatu.

"Viza lingeelea!" dada akajibu kutoka jikoni, bila hata kugeuka.

Na dada alikuwa sahihi. Ganda la yai lina vitundu vidogo mno. Kadiri siku zinavyopita unyevu hutoka, hewa huingia, na chumba cha hewa kwenye ncha butu hupanuka. Yai linapungua uzito lakini ukubwa wake ni uleule, kwa hiyo la zamani huelea hata kwenye maji ya kisimani. Wapishi wanalijua hili bila kupitia maabara yoyote. Letu lilikuwa la asubuhi ile.

Basi kosa liko wapi? Mpwa wangu akaja na hoja ambayo sikuitegemea: maji ya Nyamisati si bahari halisi, yamechanganyika na ya mto. Hoja nzuri, na dawa ya hoja nzuri ni kuipima. Maji ya bahari ya wazi yana chumvi gramu 35 hivi kwa kila lita. Tukajaza maji matupu nusu ya chupa ya nusu lita, yaani mililita 250, tukayamimina kwenye kopo pana na kutia kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi, ambacho ni kama gramu tisa. Hiyo sasa ni bahari isiyo na mto ndani yake. Yai likazama vilevile.

Tukaendelea kijiko kwa kijiko, tukikoroga na kusubiri maji yatulie kabla ya kuhukumu. Cha tatu, kimya. Cha nne, kimya. Cha tano kikalifanya liyumbe, likasimama wima kwa ncha yake. Cha sita likapanda juu na kuchomoza kipara. Vijiko sita ni kama gramu 36 katika robo lita, ukizidisha unapata zaidi ya gramu 140 kwa lita, mara nne ya bahari. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025 tu, lakini yai bichi, ukilinganisha na maji ya ujazo wake, ni zito kwa asilimia nane hivi. Bahari haina ubavu wa kulibeba. Niseme wazi: jaribio hili linafundishwa kwa mazoea. Anayeandika ubaoni kwamba yai huelea baharini hajawahi kulitupa huko.

Ile asilimia mbili na nusu ya bahari si ya kudharau, ila inahitaji kitu kikubwa ili uione. Chombo kilichopakia kikitoka baharini na kuingia maji ya mto hudidimia kidogo zaidi. Watoto walitaka mfano, na delta ya Rufiji inao. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha huku mwaka 1914, ilihitaji kina cha zaidi ya mita tano. Katika maji matupu ya mto ingezama zaidi ya ilivyozama baharini kwa kama sentimita kumi. Waingereza hawakuweza kuifuata kwa meli zao kubwa, hata wakaleta mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, zilizotosheka na maji yasiyofika mita mbili, na mapambano ya tarehe 11 Julai 1915 yakaimaliza. Mtoto wa jirani aliuliza kama mabaki yake yangeelea tukiongeza chumvi. Hapana, chuma hata chumvi ya dunia nzima haikibebi.

Jaribio la pili ni la tope. Chupa mbili za lita moja na nusu, maji ya kisima, na kila moja vijiko vitatu vya tope la mto, ule udongo laini wa ukingoni unaoteleza vidoleni. Katika moja tukaongeza vijiko vitatu vya mezani vya chumvi, kiasi cha bahari. Tukazitikisa zote mpaka zikafanana na chai ya maziwa, tukaziweka dirishani na kukatazana kuzigusa.

Mchanga ulitua kwanza katika chupa zote mbili, kwa dakika moja hivi. Baada ya hapo zikaachana. Ile ya chumvi ilianza kukatika kama maziwa yanavyokatika: vipande vidogo vya tope vikaonekana vikishuka taratibu, na juu yake mstari wa maji angavu ukazidi kupanuka. Baada ya saa moja ungeweza kusoma gazeti kupitia nusu ya juu. Ile isiyo na chumvi asubuhi yake bado ilikuwa chai ya maziwa.

Hapa ndipo pana utamu. Chembe za udongo wa mfinyanzi ni ndogo mno na zina chaji hasi, kwa hiyo zinasukumana. Kila moja inaelea peke yake kwa sababu haitaki kuguswa na mwenzake. Chumvi ikiyeyuka majini huleta chembe zenye chaji chanya, zinazozizunguka zile za udongo na kuufifisha ule msukumo. Zikigongana sasa zinanasana, zinakuwa mafundo, na fundo zito huzama. Ndivyo ilivyo Rufiji inapoikuta bahari: mto unashuka na tope lake lote, unaonja chumvi, unaliachia. Sehemu kubwa ya ardhi inayobeba mikoko ya delta, na mikoko hiyo ni hekta kama 53,000, ilijengwa kwa njia hii pamoja na ile ya kawaida ya mkondo kupungua kasi. Mpwa wangu alichukua chupa ya chumvi, akaiinamisha kidogo na kulitazama tope la chini. "Kumbe hii ndiyo Salale," akasema. Salale ni mojawapo ya kata za delta. Sikumsahihisha.

Kasi inapopungua, tope hutua hata pasipo chumvi, ila kwa mwendo wa kobe. Hilo nalo lina mfano mkubwa juu ya mto. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, na mitambo yake ni ya megawati 2,115. Kwa mtu wa umeme hiyo ni habari ya umeme. Kwa mtoto aliyeikodolea chupa usiku kucha ni habari ya maji yaliyosimama: yakisimama kilichomo hutua, na kilichotua kule juu hakifiki Msala wala Mbuchi kule deltani. Hesabu ya delta itakuja kufanywa na watoto wa umri huu.

Dada naye alileta chupa yake ya tatu, bila chumvi, akatia unga wa mbegu za mlonge zilizomenywa. Maji yakatulia vizuri. Kazi ni ileile, protini ya mlonge ina chaji chanya. Tulikubaliana jambo moja, kwamba maji meupe bado si maji salama, na kunywa ni mpaka yachemke.

Jaribio la tatu ndilo lililonikalisha Kibiti siku mbili zaidi. Lilitoka kwa bibi, mama mkwe wa dada, aliyekulia kwenye madungu, zile nyumba za juu ya nguzo katika mashamba ya mpunga ya delta. Nilimuuliza inakuwaje mpunga ustawi jirani na mikoko, mahali ambapo bahari inafika kila siku mara mbili.

"Mwanangu," akasema, "maji ya bamvua hayaji peke yake. Yanakuja yameubeba mto."

Sentensi hiyo ni somo zima la fizikia. Bamvua, yaani kujaa kukubwa kwa bahari, katika ukanda huu hupandisha maji zaidi ya mita tatu. Maji ya chumvi, kwa kuwa ni mazito, hujipenyeza chini, na maji ya mto, mepesi, hubaki juu. Mto ukiwa na nguvu, kinachofurika shambani ni lile tabaka la juu. Mkulima anamwagiliwa na bahari, ila kwa maji ya mto. Kaa ndio wanaomsumbua, wanaokata miche.

Tukaamua kuijenga delta. Kidumu cha mafuta, kinachoonyesha kilichomo, kililazwa ubavu, na mimi nikakata upande wa juu kwa kisu kilichopashwa moto. Upande mmoja tukaujaza mchanga ukiwa mteremko, wenye kibonde kidogo juu: hilo ni shamba. Mto ulikuwa chai ya rangi isiyo na sukari, iliyofika karibu na ukingo wa shamba. Bahari ilikuwa maji yaliyochemshwa na kutiwa chumvi, yasiyo na rangi. Kwa nini chai? Ili tuweze kuonja, maana ulimi ndio kifaa pekee cha kupimia chumvi tulichokuwa nacho. Tope na yai bichi havikukaribia kidumu hiki.

Mara ya kwanza nilimimina bahari kwa jagi, kwa pupa. Kila kitu kikachanganyika, na shambani tukaonja chumvi. Mara ya pili tukatumia mpira mwembamba uliofika mpaka sakafuni, na mdomo wa chupa uliokatwa ukiwa wa kumiminia. Ikafanya kazi, tena vizuri mno, mpaka mpwa wangu akaweka kiganja ubavuni mwa kidumu.

"Mjomba, chai bado ya moto."

Alinibana. Maji ya moto nayo ni mepesi kuliko yaliyopoa. Tulikuwa tumebadilisha vitu viwili kwa pamoja, chumvi na joto, na hatukuwa na njia ya kujua kipi kimelipandisha tabaka la chai. Jaribio likafutwa.

Tulipokuwa tukisubiri chai ipoe niliwasimulia habari za Erasto Mpemba, maana naye alianzia kwenye kitu cha moto. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba huko Lushoto, alitia maziwa ya moto katika friji ili asikose nafasi, na aiskrimu yake ikaganda kabla ya ya mwenzake ambaye hakuchemsha maziwa. Mwalimu hakumwamini. Kinachonivutia si ule ubishi, ni alichofanya baadaye: alipofika Mkwawa, Iringa, alirudia kwa maji matupu, halafu akamuuliza mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, mbele ya wenzake waliocheka. Osborne naye hakubisha. Alirudi Dar akapima, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Hadi leo wanasayansi hawajakubaliana. Utafiti wa mwaka 2016 uliofanyika Uingereza haukupata ushahidi wa kuridhisha, na ulionyesha kuwa kukisogeza kipimajoto sentimita moja tu kunaweza kuleta jibu la uongo. Kiganja cha mpwa wangu kiko katika ukoo huohuo wa mambo.

Mara ya tatu, chai ikiwa imepoa kabisa, tulimimina bahari polepole. Chini ya rangi ya kahawia ukatokea mkanda mweupe, ukatambaa kwenye sakafu ya kidumu kuelekea shambani, huku chai ikinyanyuka juu yake kama shuka linaloinuliwa. Ikafika ukingoni, ikamwagikia kibonde. Yule mdogo akachovya kidole: chai. Akanyonya kwa mrija kutoka sakafuni: akatema.

Ya nne ilikuwa amri ya bibi. Alitaka kuona mwaka wa ukame. Tukapunguza chai mpaka robo na kumimina bahari ileile, kiasi kilekile, kwa mpira uleule. Mkanda mweupe ulipanda mpaka mlangoni mwa shamba, na kibonde kikaingia maji yenye rangi hafifu. Bibi mwenyewe ndiye aliyeonja safari hii. Akakunja uso, akasema mpunga hapo hauna kitu.

Mkitaka kujaribu nyumbani, chai iachwe ipoe kweli, usiku mzima ikibidi, na maji yamiminwe kwa subira. Tope achote mtu mzima, tena si pale palipo kimya: Rufiji ina mamba.