Nani Alivuta Mashua? Filme «The African Queen» ikitazamwa Kampemba

Mu komini yetu ya Kampemba kuko kartie inaitwa Kigoma. Wanafunzi wangu mingi wanatoka pale, na kila mwaka ninawauliza: Kigoma ingine iko wapi? Wachache sana njo wanajibu kama iko ng'ambo ya ziwa Tanganyika, mu inchi ya Tanzania. Kule Wadachi walitengeneza meli yao kubwa, Graf von Götzen, iliyoletwa vipande vipande toka Ulaya, wakaishusha mu maji mwezi wa pili 1915. Wengi wanasema kama ile meli njo iliyozaa filme ninayotaka kuzungumuzia hapa. Filme yenyewe haitaji Kigoma, haitaji na Lubumbashi. Lakini Lubumbashi imo ndani, imefichwa, na hii njo sababu ya kuandika hizi kurasa mu kitabu cha mila na desturi zetu.

John Huston alitoa «The African Queen» mu 1951, kufuatana na kitabu cha Muingereza C. S. Forester cha 1935. Habari ni hii. Mwezi wa tisa 1914, mu Afrika ya Wadachi, kuko mumisionere Muingereza na dada yake Rose. Askari wa Wadachi wanafika, wanachoma kijiji, mumisionere anapigwa, anaugua, anakufa. Dada anabaki peke yake. Anakuja kuchukuliwa na Charlie, mulevi mumoja mwenye mashua ya moshi, ule mwenye kuleta barua na mizigo. Rose, bibi wa kanisa asiyejua kitu ya mashini, anamuambia: tushuke na huu mto Ulanga mpaka ku ziwa, tuweke baruti mbele ya mashua, tuipigishe meli ya Wadachi. Wanashuka. Wanapita maporomoko, wanapigwa risasi toka ku boma, helisi inavunjika wanaitengeneza kwa moto wa kuni, na katikati ya hayo yote wanapendana. Humphrey Bogart alipata Oscar kwa kucheza ule Charlie. Katharine Hepburn, aliyecheza Rose, hakupata, na mimi ninaona yeye njo aliyestahili zaidi.

Sehemu ninayoipenda iko karibu na mwisho. Mto umegawanyika, umeingia mu matete. Maji ni kidogo, tope ni mingi, mashua haiendi tena. Charlie anashuka mu maji, anafunga kamba ku bega, anaivuta kama ng'ombe. Anapanda, mwili umejaa wale wadudu wa maji wanaonyonya damu. Anatetemeka. Rose anawatoa mumoja mumoja kwa chumvi. Kisha wanaangaliana, na wote wawili wanajua kama hakuna njia ingine: lazima arudi mu maji. Anarudi. Na Rose naye anashuka, anakata matete mbele.

Mimi niko mutu mwenye kuoa miaka mingi, na ninasema kama mu sinema ya wazungu ya wakati ule ni vigumu kupata sehemu inayosema ukweli wa ndoa kuliko ile. Hakuna busu, hakuna muziki ya kulia. Kuko watu wawili wachafu, wenye homa, wamefika mahali maneno imekwisha. Usiku Rose anafikiri wanakufa, anamuomba Mungu afungulie Charlie na yeye mulango, juu walipendana. Halafu kamera inapanda juu pole pole, na sisi tunaona kitu wao hawaione: ziwa liko pale pale, karibu kabisa, nyuma ya matete. Usiku mvua inanyesha kule juu, mto unajaa, na asubui mashua inaelea yenyewe mpaka ku maji makubwa.

Ile siku nilikuwa ninaitazama ku nyumba, ku kompyuta, juu umeme ulikuwa umekatika na betri ilikuwa ingali na nguvu kidogo. Jirani mumoja, mama mukubwa mwenye kutoka Kalemie, alikuwa amekuja kumusalimia bibi yangu, akakaa naye kutazama. Alinyamaza tangu mwanzo. Tulipofika pale ku matete, ziwa linaonekana na wao wamelala wanangojea kufa, akauliza:

– Sasa, aba bantu habana mutu wa kuuliza njia?

Tulicheka. Kisha mimi sikucheka tena.

Juu ule mama aligusa fasi yenyewe. Mwisho wote wa ile safari, ile huruma yote tunayosikia, inasimama juu ya kitu kimoja: lazima ukingo wa mto uwe mutupu. Kama kungekuwa mutoto mumoja tu mwenye ndoana, angesema «ziwa ni hapa», na hakuna sala, hakuna kamera ya kupanda juu. Filme inaanza na watu, ni kweli: kuko kanisa, kuko Wakristo wa kijiji wanaoimba vibaya ili mutazamaji acheke. Kijiji kinachomwa, watu wanakamatwa, na kutokea pale, toka maporomoko mpaka ziwa, hatuone mutu mweusi isipokuwa askari mwenye bunduki. Mamba wako. Viboko wako. Nyani wako. Katika hii filme wanyama walipata kazi kuliko watu.

Mutu aliyesafiri kweli ku maji ya huku anajua kama haiko vile. Njia ya maji ni njia ya watu. Ku Lualaba, ku maziwa ya Upemba, ku kando ya Tanganyika, unapita mbele ya kambi za wavuvi, unaona moshi wa samaki, na kabla haujafika wamekwisha kukuita: munatoka wapi, munakwenda wapi, munabeba nini? Kunyamaza ni tusi. Hata Stanley, aliyepita na mitumbwi kando ya ziwa Tanganyika mu 1871, aliandika habari ya Kabogo, fasi wapita njia wanatupa ushanga na vitambaa mu maji ili kutuliza mwenye ziwa. Ni kusema mutu wetu wa maji anasalimia mpaka wale wasioonekana. Charlie na Rose wanapita inchi nzima bila kusalimia, na si kosa yao: Huston hakuwawekea mutu wa kusalimia.

Wengine watanijibu: mwalimu, ni hadisi tu, acha watu wafurahi. Sawa. Ninajua kama Forester alibuni. Ziwa alilipa jina la Kidachi lisilokuwako ku karta yoyote. Mto Ulanga wa kweli uko Tanzania, lakini hauendi ku maziwa ya huku hata siku moja: unaingia mu Rufiji, Rufiji inamwaga mu bahari ya Hindi. Na maji tunayoiona mu filme si ya Ulanga. Sehemu mingi zilipigwa ku mto Ruiki, karibu na Ponthierville, inayoitwa leo Ubundu, zingine ku Uganda. Maji yetu ilifanya kazi kwa jina la maji ya wengine. Sina neno na hayo, sinema inafanyaka vile. Na ile sehemu Charlie anavuta mashua ndani ya maji? Waliogopa magonjwa ya huku, basi Bogart alivuta mashua yake ndani ya studio, Uingereza.

Neno langu liko fasi ingine. Nyuma ya hadisi ya Forester kuko safari ya kweli, na ile safari ilipita hapa.

Mwezi wa sita 1915 Waingereza walitoa London mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, chini ya Geoffrey Spicer-Simson, kwenda kuwapiga Wadachi ku Tanganyika. Zilifika Cape Town na meli, zikapandishwa ku shitima, zikapita Rhodesia, na mwisho wa mwezi wa saba zikafika Elisabethville, ni kusema hapa kwetu. Reli ilikuwa imefika hapa tangu 1910, lakini ya kwenda Bukama haikuwa imemalizika. Shitima ikaishia Fungurume. Kutoka pale mpaka Sankisia, kilomita zaidi ya 200, mashua zilivutwa ku inchi kavu, juu ya milima ya Mitumba. Kulikuwa mashini mbili za moshi, kulikuwa ng'ombe, na kulikuwa mamia ya watu wa vijiji vya Katanga, wenye kukata miti, kutengeneza njia, kujenga madaraja, kuvuta kamba. Toka mwezi wa nane mpaka mwisho wa mwezi wa tisa. Frank Magee, mumoja wa wale Waingereza, alisimulia ile safari mu gazeti la National Geographic mu 1922. Maji ya mashini ilipokwisha, wanamuke wa vijiji njo walioileta toka mbali, ku kichwa.

Kisha reli kidogo mpaka Bukama, kisha Lualaba, na maji ya Lualaba ilikuwa imekauka, wakakwama mara mingi sawa Charlie mu matete. Kisha Kabalo, kisha reli ya kwenda Lukuga. Mashua ziliingia mu ziwa siku chache mbele ya Noeli. Tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili 1915 wakaikamata meli Kingani, na mwezi wa pili 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Ile kubwa, Götzen, Wadachi wenyewe waliizamisha Kigoma mwezi wa saba 1916. Iliinuliwa nyuma, na tangu 1927 ikasafirisha watu ku ziwa kwa jina la Liemba. Wengi wa Kalemie na Moba wanaijua vizuri kuliko Louisa ya Huston.

Sasa linganisha. Mu safari ya kweli, mashua ilivutwa ku kamba na mikono ya watu wa huku. Mu filme, kamba ile ile iko ku bega la Charlie peke yake. Ninaona picha ni nzuri sana, na ninaona imekopwa. Mateso ya mamia ilipewa mutu mumoja ili tumulilie yeye. Na hatuzungumuzi hapa juu ya jambo dogo: wapagazi waliochukuliwa upande wa Congo kwa ile vita, wanahistoria wanahesabu karibu 260 000, na wengi hawakurudi.

Kitabu cha Forester kinamaliza kwa namna ingine, na ninaona kwa haki zaidi. Pale mashua ya wale wawili inazama mu zoruba kabla ya kufanya kitu. Wanakamatwa, wanarudishwa bila kunyongwa, na meli ya Wadachi inapigwa na mashua mbili za Waingereza zilizofika ku ziwa. Huston hakutaka mashujaa wake washindwe. Akaleta kapiteni Mudachi mwenye kukubali kuwafungisha ndoa mbele ya kuwanyonga, kisha meli inagonga ile mashua yenye baruti, wanaogelea wanaimba. (Ndoa ile wazee wetu wangeikataa: hakuna shangazi, hakuna mjomba, mali haikutoka, na mwenye kusimamia ni adui. Lakini nilimuona jirani yangu anafurahi, basi ninanyamaza.)

Wasomaji wa ukoo wa Baluba wanajua namna ingine ya kusimulia safari ya maji. Kalala Ilunga alipomukimbia Kongolo kwenda kwa baba yake Mbidi Kiluwe, alifika ku mto, na pale kulikuwa mutu: mwenye bwato. Akavushwa, akamuagiza asimuvushe Kongolo akija nyuma. Wazee wanasimulia kwa namna mbalimbali, ila mwenye bwato hapotei. Bila yeye hakuna ufalme. Mukubwa anakimbia, mukubwa anarudi na majeshi, lakini katikati ya hadisi kuko mutu mudogo mwenye kafi ku mukono, na inchi nzima inangojea jibu lake. Kwa wazee wetu, musimuliaji anayeruka mutu aliyekuvusha hajasimulia safari.

Na sisi je? Tuko na reli ile mulangoni, tunafundisha vita ya 1914 kwa majina ya miji ya Ufaransa, kisha Tabora kwa mistari mitatu, na Fungurume kwa watoto ni fasi ya shaba na kobalti tu. Mimi mwenyewe nilitoka ISP na diploma yangu bila kusikia neno Mimi wala Toutou. Siwezi kumupiga Huston peke yake.

Mwaka jana nilionyesha filme mu darasa la tano. Nilisimamisha pale pale, ku matete, nikawaambia: andikeni kurasa moja, nani anasimama ku kando ya maji? Wengi waliandika mamba. Kijana mumoja aliandika askari Mudachi mwenye usingizi, nikacheka sana. Binti mumoja wa kartie Kigoma aliandika mama mwenye chungu ku kichwa, anatoka kupeleka maji ku mashini ya wazungu. Anaona mashua mu matete. Anapaza sauti: «Munatoka wapi?» Anangojea, chungu kingali ku kichwa. Kurasa yake inaishia pale.

Nilimupa 12 ku 20, nikaandika kwa wino mwekundu: hadisi haikumalizika. Jioni bibi yangu alikamata ile karatasi ku meza, akasoma.

– Sasa baba, unataka amalize namna gani? Njo bo banapashwa kujibu.