Mamaledi Huanzia Kwenye Kisu

Kila mwaka, Januari inapoingia na baridi imeshika, masoko ya Uingereza hupokea madanzi kutoka Seville, Hispania. Msimu wake ni mfupi: Februari ikiisha, nayo yamekwisha. Danzi si tunda la kumenya na kula. Ni kali, ni chungu, na limejaa mbegu. Waingereza wanalingoja kwa ajili ya kitu kimoja tu: mamaledi, jemu ya machungwa yenye uchungu ndani ya utamu.

Wanaojaribu kuipika huhangaikia zaidi moto na sukari. Ukiifuatilia kazi yenyewe hatua kwa hatua, utaona kwamba mengi huamuliwa kabla sufuria haijafika jikoni, na kinachoamua ni kisu kidogo cha kumenyea.

Litazame danzi kwa ndani. Ganda la nje, lile la rangi, lina vifuko vidogo vya mafuta, na humo ndimo ilimo harufu. Chini yake kuna nyama nyeupe, laini kama sifongo, yenye uchungu na yenye pektini, kile kinachoifanya jemu igande. Tando na mbegu nazo zina pektini tele. Maji ya tunda yana asidi, ambayo bila hiyo pektini haishiki vizuri. Kila sehemu ina njia yake ya kuingia sufuriani, na kisu ndicho kinachozitenga.

Kisu hicho kina bamba la sentimita 7 hadi 10. Ufupi huo una maana yake: ncha haiko mbali na vidole, hivyo mkono unahisi kisu kimefika wapi. Shika mpini kwa vidole vinne, kidole gumba ukiegemeze kwenye tunda. Ingiza makali karibu na kikonyo, uyalaze yawe karibu sambamba na ganda, kisha lizungushe danzi kwa mkono wa pili. Kisu kisogee kidogo tu. Tunda ndilo linalokijia. Mwenye mazoea ya kumenya viazi mkononi bila ubao anaijua tayari nusu ya kazi hii.

Unene ndio kiini cha utaalamu wenyewe. Kimenyeo cha viazi hutoa ganda jembamba mno, na vipande vyake havina kitu cha kutafuna. Kisu kikubwa kinakata mpaka kwenye nyama ya tunda. Kwa kisu kidogo unabakiza tabaka jembamba la nyama nyeupe nyuma ya ganda. Tabaka hilo likiiva hung'aa, likanywa sukari na kuwa laini. Nyeupe inayozidi ikwanguliwe, lakini isitupwe.

Baada ya hapo ganda hukatwa nyuzi za upana wa milimita 3 hivi. Usawa hapa si urembo. Nyuzi nyembamba huiva mapema na kupondeka. Nene hubaki ngumu, na sukari ikishaingia hazilainiki tena.

Sasa tunda lililobaki likatwe katikati na kukamuliwa. Kwa ncha ya kisu, ng'oa mbegu zilizojificha kwenye vyumba vyake, na uzikusanye pamoja na tando na ile nyeupe iliyokwanguliwa. Vyote vifungwe kwenye kitambaa cha melimeli na kutumbukizwa kwenye maji pamoja na nyuzi za ganda, vilale humo usiku kucha.

Kwa kilo 1 ya madanzi, vipimo vilivyozoeleka ni maji lita 2 hadi 2.5 na sukari kilo 2. Kwanza ganda huchemshwa kwa moto mdogo takriban saa mbili, bila sukari, mpaka uzi ukiubonyeza kwa vidole unapondeka. Kifuko cha melimeli hukamuliwa kwa nguvu, nao ute mzito unaotoka ndio pektini yenyewe. Hapo ndipo sukari inapoingia, na moto kupandishwa hadi nyuzijoto 104 au 105 za Selsiasi. Aliyetupa mbegu na tando atachemsha muda mrefu akitafuta mgando, na kila dakika ya ziada inapoteza harufu na kuifanya rangi iwe nyeusi.

Makali nayo yana neno. Kisu butu hakikati vifuko vya mafuta, kinavibana. Harufu uliyoinunua inaishia kwenye ubao na viganja. Tena kinakulazimisha usukume kwa nguvu, na ganda la danzi lina utelezi. Kinolewe kwenye jiwe kabla ya kazi, na kipanguswe kila mara, kwa sababu asidi haikipendezi chuma.

Tuna midanzi pwani yetu, na anayetaka kujaribu hana haja ya kungoja majira ya baridi ya mtu mwingine. Nami ningemshauri atenge muda mwingi kwa kukata kuliko kwa kupika. Moto unaweza kupunguzwa na sukari ikaongezwa; ganda lililokatwa vibaya halina marekebisho.