Ishikawa Sayuri mu karaoke: wimbo ni wa nani?

Wasomaji wetu wanajua kwamba katika kijitabu hiki tumezoea kuongea juu ya ngoma, methali, mahari na majina ya ukoo. Safari hii tunavuka bahari mpaka Japani, tuangalie nyimbo mbili za mwanamke mmoja, na mashini moja ambayo imezifikisha kwenye kinywa cha kila mtu. Sababu yetu ni hii: watu wanaposema « ile ni desturi », mara nyingi wanataka kusema « ile ni ya zamani sana ». Muziki wa Wajapani wanaouita enka unaonyesha kwamba haiko vile.

Enka ni nini? Wajapani wengi watakujibu kwamba ni roho ya Japani. Ni nyimbo za polepole, za machozi: pombe, mvua, bandari, theluji, mwanamke anaeachwa, mtu aliye mbali na kwao. Ngazi yake ya sauti inaruka ya nne na ya saba, zinabaki tano. Tena mwimbaji anazungusha sauti mu koo, silabi moja anaivunja mara mbili, mara tatu, mbele ya kuiachilia. Kuzungusha huko wanakuita kobushi, na asiyekuweza hataitwa mwimbaji wa enka.

Lakini jina lenyewe lilizaliwa miaka ya 1880, wakati serikali ilikuwa inabana hotuba za upinzani na wanasiasa wakaanza kuimba hotuba zao barabarani. Hizi nyimbo za machozi zilipewa jina hilo mwisho wa miaka ya 1960 tu. Na vyombo? Violini, gitaa, trompeti, saksofoni. Kumbe kwa umri, hii « roho ya Japani » ni mdogo wa rumba yetu! Hatusemi hivyo kusudi tuicheke. Tunasema hivyo kwa sababu iko desturi kweli, na tunataka kujua inatoka wapi.

Ishikawa Sayuri alizaliwa mwaka 1958 katika jimbo la Kumamoto, kusini mwa inchi. Mwanzo wa 1977, akiwa hajafikisha miaka 19, alitoa « Tsugaru Kaikyō Fuyugeshiki », yaani mlango wa bahari wa Tsugaru wakati wa baridi. Maneno ni ya Aku Yū, sauti ni ya Miki Takashi. Mwanamke ametoka Tokyo, kwenye gari la Ueno, na treni ya usiku. Anashuka Aomori mu theluji, watu hawaongei, anapanda meli inayokwenda Hokkaido. Ameacha mwanamume. Basi, njo yote.

Kipaji cha Aku Yū kiko mu kile alichokiacha. Safari ya kilomita zaidi ya 700 ameimaliza kwa mistari miwili. Mwanamume hana jina, hana kosa linalotajwa, hatujui kama alipiga ao alidanganya. Sisi tunaosikiliza tunabaki na bahari, ndege na ubaridi, na huzuni tunaijaza wenyewe. Ishikawa naye haanzi na kulia. Anashika sauti chini, sawa mtu anaejizuia mbele ya wageni, mpaka anapofika kwenye jina la ule mlango wa bahari. Pale tu njo anafungua koo. Mwenye kuimba wimbo huu na machozi tangu mstari wa kwanza ameuharibu.

Sasa angalieni: Aku Yū alikuwa mtu wa kisiwa cha Awaji, karibu na Kobe. Miki Takashi ni wa Tokyo. Mwimbaji ni wa kusini. Hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa Tsugaru! Pamoja na hayo, watu wa kule wameuchukua ukawa wao, na kwenye rasi ya Tappi wamesimamisha jiwe la ukumbusho: ukibonyeza kitufe, wimbo unalia juu ya bahari.

Iko sababu. Tarehe 26 Septemba 1954, meli Tōya Maru ilizama karibu na Hakodate katika dhoruba, na watu zaidi ya 1,100 wakafa. Msiba ule njo ulisukuma serikali kuchimba tunelo chini ya bahari. Wimbo ulipotoka, wachimbaji walikuwa tayari ndani. Tunelo ya Seikan, karibu kilomita 54, ilifunguliwa tarehe 13 Machi 1988, na siku zilezile meli za shirika la reli zikaacha kazi yao. Leo kijana wa Japani anapita chini ya maji akiwa amelala kwenye kiti. Ubaridi wa kule juu, kungoja meli, kutazama inchi ikipotea nyuma, yote ile anaipata akishika mikro mu chumba cha karaoke.

Karaoke maana yake ni orkestra tupu, orkestra isiyo na mwimbaji. Mu 1967, Negishi Shigeichi alitengeneza mashini yake ya kwanza Tokyo. Mu 1971, Inoue Daisuke, mpigaji muziki wa baa za Kobe, alifanya yake bila kujua ya mwenzake. Hadithi ya Inoue inatupendeza. Bwana mkubwa mmoja wa kampuni alizoea kuimba naye, kwa sababu Inoue alikuwa anajua kumfuata hata akichelewa, hata akikimbia. Siku moja bwana yule alikuwa na safari, Inoue hakuweza kwenda, akamrekodia mkanda. Mwanzo wa karaoke yake ni pale: muziki uliopindwa ufuate sauti ya mtu mmoja asiyejua kuimba. Baadaye akatengeneza mashini 11, akazikodisha kwa baa. Hakuandikisha uvumbuzi wake, na utajiri ukaenda kwa wengine. Mu 2004 Wamarekani wakampa zawadi ya amani ya mzaha, ya Ig Nobel, eti amefundisha watu njia mpya ya kuvumiliana. Waliowahi kumsikiliza mjomba akiimba usiku wa manane wanaelewa.

Miaka ya 1980 karaoke ikajaa kila mahali, na kampuni za diski zikaanza kutunga enka nyepesi kusudi wateja waweze kuziimba. Kwa maoni yetu ile ilikuwa hasara. Nyimbo nyingi za wakati ule zinafanana sawa mapacha.

Kundi la Ishikawa likafanya kinyume. Wanasimulia kwamba Yoshioka Osamu, Gen Tetsuya na wenzao walitafuta wimbo ambao mtu wa kawaida hataweza kuuimba, wa Ishikawa peke yake. Ukatoka « Amagi-goe » mu 1986: kuvuka mlima wa Amagi. Mwanamke wa wimbo huu hajizuii tena. Anapenda mpaka anawaza kumuua mwanamume kuliko kumwachia mwingine. Sauti inapanda, inaanguka, inapanda tena. Kobushi iko kila kona.

Na matokeo? Wanawake wa Japani wakauchukua mu karaoke mpaka leo! Mtego wote wa watunzi haukufaa kitu. Sisi, kama wimbo, tunapenda « Tsugaru » zaidi, kwa sababu « Amagi-goe » ina tiyatro mingi, inakupa kila kitu tayari. Lakini hatuwezi kusema kwamba wanaouimba wamepotea. Mama mmoja anashinda siku nzima ofisini, anainama mbele ya mkubwa, anachagua kila neno. Usiku anasimama mbele ya wenzake, anasema waziwazi kwamba ataua kwa wivu, na wanampigia makofi. Mu inchi ambayo watu wanafunzwa kuficha hasira, ile si kitu kidogo.

Kinachotuchokesha ni mashini ya leo inayotoa alama. Sauti unayopaswa kushika inaandikwa kwenye skrini, mashini inahesabu kobushi, inahesabu mtetemo, mwishoni inakuambia umepata ngapi. Tunakubali kwamba inafundisha masikio. Ila mtu anaanza kuzungusha sauti mahali pasipo na maumivu yoyote, kusudi hesabu ipande. Mkanda wa Inoue ulimfuata mwimbaji; hii inataka mwimbaji aifuate. Huku kwetu pia karaoke imefika, mtu anashika mikro anaimba Franco ao Mbilia Bel, lakini wanaompa alama ni wale wanaokaa mezani, na hao wanasamehe koo mbaya ikiwa wimbo umewagusa.

Kila tarehe 31 Desemba, televisheni ya NHK inaonyesha mashindano makubwa ya nyimbo, Kōhaku. Tangu 2007 mpaka 2023 Ishikawa aliimba zile nyimbo mbili kwa zamu, mwaka huu « Tsugaru », mwaka ujao « Amagi-goe ». Wako wanaolalamika kwamba ni kurudilia. Sisi tunaona mtu anaelalamika vile angelalamika pia kwamba kilio kinaimbwa na nyimbo zilezile. Mu 2024 zamu ilikatika. Tarehe 1 Januari ya mwaka ule tetemeko lilikuwa limebomoa rasi ya Noto, na mwisho wa mwaka Ishikawa akasimama na « Noto Hantō », wimbo mwingine ambao Aku Yū na Miki Takashi walimpa mu 1977. Zile mbili zikangoja.